Mwiko wa Kutaja Maji

Siku Teriitoa alipovishwa mkanda wa manyoya mekundu na kuwa chifu wa Motuhara, aliliacha jina lake la utotoni akaitwa Te Vai, yaani Maji. Jua halijapanda vizuri, mpiga mbiu Fanaue alikuwa keshazunguka kisiwa kizima akitangaza mwiko. Kuanzia siku hiyo hakuna kinywa kitakachotamka tena neno vai kwa maji ya kunywa, ya kuoga, ya mtoni wala ya mvua. Jina la chifu halichotwi kwa kibuyu, wala halimwagwi chini. Maji sasa yataitwa pape. Atakayekosea atapigwa rungu la kichwa.

Watu hawakushangaa sana. Kila chifu mpya alikuja na mwiko wake. Enzi za babu yake Te Vai, tano iliacha kuitwa rima, ikaitwa pae, na watoto wa sasa walihesabu mpaka kumi bila kujua kwamba tano na mkono viliwahi kuwa neno moja. Watu waliguna kidogo, wakajing'atang'ata ndimi kwa muda, kisha wakazoea.

Asiyezoea alikuwa Ahuura, mama mdogo wa chifu mwenyewe. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya mto, na kazi yake ilikuwa kuwasimamia wanawake wanaoponda magome ya miti mpaka yawe kitambaa laini cha kufunikia mawe ya miungu. Kazi hiyo inataka maji mengi, maana gome likikauka linapasuka. Basi siku moja, jasho linamtiririka, nyundo za mti zinalia ko-ko-ko juu ya magogo, akapaza sauti bila kufikiri:

"Jamani leteni vai, gome limekauka hili!"

Nyundo zote zikanyamaza. Na kwa bahati mbaya Fanaue alikuwa anapita nje ya kibanda.

Alipelekwa mbele ya chifu mchana uleule. Te Vai alikuwa bado kijana, na mkanda ule ulionekana kumlemea kiunoni. Alimtazama mama yake mdogo kwa uchungu.

"Umeniaibisha, mama mdogo."

"Mwanangu, ulimi huu una miaka mingi kuliko mkanda wako. Umelizoea neno hilo tangu sijaota meno."

"Basi ufundishe upya. Leo nimekusamehe kwa sababu ulinibeba mgongoni. Ukirudia sitakuwa na la kufanya. Wakiona ndugu yangu anauvunja mwiko na anaachwa, kesho nani ataniheshimu?"

Jioni, mumewe Tamaro, fundi wa kuchonga ngalawa, alimpokea mlangoni akiwa ameshika shelisheli lililookwa.

"Njoo nikuzibe mdomo na hili, mke wangu. Pengine utapona."

"Lete. Ila lipake tui kwanza, nisije nikafa na koo kavu."

Walicheka, lakini usiku ule Ahuura hakupata usingizi mapema. Alimjua vizuri Fanaue. Alijua kwamba tangu siku ile atakuwa anapita karibu na kibanda mara nyingi kuliko njia yake ilivyomtaka.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi ya hofu. Wanawake wa kibanda kile walikuwa na wimbo wa kupondea, wimbo wa zamani waliorithishwa na mama zao. Ulikwenda mbio pamoja na nyundo: vaka-vaka, ika-ika, rangi e, rangi e. Hakuna aliyejua maana yake. Mama yake Ahuura alimwambia ni milio tu ya nyundo iliyogeuzwa sauti, kama vile mtu anavyombembeleza mtoto kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mwisho wa ule wimbo peke yake ndio ulioeleweka, kwa sababu ulimalizikia na neno vai. Na sasa mwisho huo ulikuwa mwiko. Wanawake waliimba, wakifika pale wanakata ghafla, nyundo moja inabaki ikilia peke yake. Kila mara walipokata, Ahuura alijisikia kama mtu aliyezuiwa kupiga chafya.

Mwezi wa kukomaa mashelisheli ulipoingia, bahari ilileta wageni.

Ilikuwa mchana, watu wako ufukweni wakipara samaki. Ngalawa kubwa, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, ilivuka mlango wa mwamba ikiwa imelalia ubavu mmoja, tanga lake limebaki vitambaa. Haikuwa imechongwa kama za Motuhara. Shetri yake ilipinda juu kama mkia wa jogoo. Ilikwama mchangani, wakashuka watu wachache, wanaume na wanawake, wamekondeana, midomo imepasuka kwa chumvi. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mrefu mwenye michoro ya wino shingoni. Akapiga magoti, akanyoosha mikono kwa watu waliosimama pale, akasema neno moja tu:

"Vai!"

Mama mmoja akaziba masikio ya mtoto wake.

"Vai," yule mgeni akarudia, safari hii kwa sauti iliyokatika, na wenzake nyuma yake nao wakalidaka: "Vai! Vai!"

Fanaue alifika akikimbia, rungu mkononi, mishipa ya shingo imemsimama. "Mmewasikia? Wamekuja kwenye nchi ya watu na kulitupa jina la chifu mchangani kama maganda! Hata salamu hawana!"

"Wana kiu, we Fanaue!" Ahuura akadakia kutoka kwenye kundi. "Huoni midomo yao?"

"Wenye kiu wanaomba pape. Hawa wanatukana."

Vijana wa Fanaue wakawazunguka wageni kwa mikuki, wakawaswaga mpaka kwenye ua wa mawe mbele ya uwanja wa miungu, wakawakalisha juani. Amri ikatoka kwamba chifu atawahukumu atakaporudi kutoka mashamba ya bondeni, na kwamba mpaka hapo hakuna mtu wa kuwapa hata tone. Aliyeomba kwa jina la chifu atajibiwa na chifu mwenyewe.

Ahuura aliwafuata. Fanaue alipomzuia getini kwa rungu, alilisukuma pembeni kama mtu anayesogeza tawi njiani.

"Mimi ndiye ninayefunika mawe ya humu ndani kwa kitambaa. Utanizuia kuingia kazini kwangu?"

"Usiwape kitu."

"Nitawapa macho. Macho nayo umeyapiga marufuku?"

Akachuchumaa mbele ya yule mwanamke mrefu. Walitazamana. Mgeni akaanza kusema taratibu, huku akionyesha kwa kidole kule ufukweni ngalawa yao ilikokuwa imelala. Maneno mengi yalimpita Ahuura kama upepo, lakini moja likarudi, na likarudi tena. Vaka. Vaka yetu, vaka imevunjika, ndivyo kidole kile kilivyokuwa kinasema.

Vaka! Lile neno la wimbo. Watu wa Motuhara ngalawa waliiita va'a, wakilikata katikati kama mtu aliyekwama koo kidogo.

"Va'a?" akauliza, akionyesha ufukweni.

"Vaka," mgeni akajibu, akiitikia kwa kichwa kwa nguvu. "Vaka."

Ahuura akageuka huku na huku akitafuta kitu kingine. Karibu na ukuta kulikuwa na samaki wakavu, sadaka ya asubuhi. Akamwonyesha. "I'a?"

"Ika."

Akainua kidole juu, kwenye anga jeupe lililokuwa likiwachoma wote. "Ra'i?"

Mgeni akainua uso wake uliokauka, akafumba macho kwa ukali wa jua. "Rangi," akasema.

Ahuura akakaa chini kabisa, matako kwenye mawe ya moto, wala asisikie joto. Vaka-vaka, ika-ika, rangi e! Mama yake alikosea, na mama wa mama yake alikosea. Haukuwa mlio wa nyundo. Ilikuwa ngalawa, samaki, na anga. Pale ambapo ndimi za Motuhara zilikata pumzi, hawa walikuwa bado na sauti nzima, kama meno ambayo kwao yameng'oka na kwa hawa bado yapo.

Mgeni naye alikuwa ameanza kuelewa kitu. Akageukia wenzake, akawagusa mmoja mmoja vichwani, akihesabu walionusurika: "Tahi, rua, toru, hā…" Akafika kwa wa tano, akanyanyua kiganja chake wazi. "Rima."

Hapo machozi yakamtoka Ahuura. Bibi yake, enzi za uzee wake, alipokuwa akihesabu magimbi peke yake akidhani hakuna anayesikia, alikuwa akinong'ona hivyohivyo.

"Jina lako nani?" akamuuliza, akijigusa kifuani. "Mimi Ahuura."

Mgeni akajigusa kifuani pia. "Kura." Kisha akagusa ushungi wa manyoya mekundu uliobaki kwenye nywele zake, akacheka kwa midomo ile iliyopasuka mpaka damu ikatoka. Manyoya mekundu, kwa Motuhara, ni 'ura, neno lililomo mwishoni mwa jina la Ahuura.

"Ona sasa," Ahuura akasema, akijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Tumepewa jina moja na watu tusiowajua."

Fanaue aliyaona yote kutoka getini wala hayakumgusa. "Umemaliza kucheza?"

"Sijaanza bado," Ahuura akamjibu.

Te Vai alirudi jua likiwa limeanza kuinama, na ua ukajaa watu. Chifu alikaa kwenye kiti chake cha mti, uso umemkauka. Wageni walikuwa wameanza kulegea. Mmoja alikuwa ameegemea bega la Kura, macho yamefumba. Fanaue alisimama akasema vizuri, maana kusema ndiko alikojaliwa. Alisema mwiko ni ukuta, na ukuta ukitobolewa na mgeni utatobolewa na mwenyeji. Alisema hawa hawana jina wala kabila, wamekuja kulipima bega la chifu mpya kama lina nguvu. Alisema wapigwe rungu, ngalawa yao ichomwe, jambo liishe. Baadhi ya watu wakaguna kukubali.

"Mama mdogo," chifu akasema, "nimeambiwa umekaa nao. Una neno?"

Tamaro alimshika mkewe mkono. "Taratibu," akanong'ona. "Nakuomba, taratibu."

Ahuura akajitoa. Alipita katikati ya ua, akasimama kati ya chifu na wageni.

"Sina neno, mwanangu. Nina wimbo. Nao si wangu, ni wa nyumba yenu. Bibi yako alikufa akiuimba, mama yako aliupondea kitambaa ulichofungiwa siku ulipozaliwa. Niruhusu niuimbe."

"Wimbo wa nyundo?" Fanaue akacheka. "Watu wanahukumiwa, mtu analeta vaka-vaka!"

"Mwache aimbe," chifu akasema.

Ahuura aliokota mawe mawili akayagonganisha, ko-ko-ko, akaanza. Lakini hakuuimba mbio kama kibandani. Aliuimba polepole, kila neno likisimama peke yake. Vaka. Ika. Rangi. Mstari wa kwanza haujaisha, Kura akainua kichwa. Wa pili ulipoanza, midomo yake ilikuwa ikitembea. Kisha ikatoka sauti, ya kukwaruza, kavu kama jani la mnazi, lakini haikukosea hata silabi moja. Mwenzake wa kando akadakia. Yule aliyefumba macho akayafumbua, naye akaingia. Wageni wote wakawa wanaimba, katika ua wa Motuhara, wimbo wa wanawake wa Motuhara.

Kule nyuma mwanamke mmoja wa kibandani akaangua kilio. Wengine wakaanza kupiga makofi ya nyundo bila kuambiwa.

Ahuura alikuwa anautafsiri huku unaendelea, anapaza sauti juu ya sauti zao. "Sikilizeni! Vaka ni va'a! Ngalawa ndogo imeondoka! Ika ni i'a, samaki mkubwa ametangulia! Rangi ni ra'i! Anga linatuongoza! Jamani, si milio! Ni safari! Ni watu wetu wanakuja huku! Na hawa ni waliobaki kule walikotoka!"

Wakafika mwisho, pale ambapo wimbo ulikuwa unakatwa. Wanawake wa Motuhara wakanyamaza kwa mazoea. Wageni hawakujua kwamba kuna mwiko. Walisonga mbele, na Ahuura akasonga pamoja nao. Alifumbua kinywa, akamtazama mtoto wa dada yake machoni, akalitamka kwa sauti yake yote ile inayosikika ng'ambo ya mto:

"Tumefika kwenye vai!"

Fanaue akainua rungu lake hewani. "Amelitaja! Mbele yako, chifu, amelitaja!"

"Nimelitaja," Ahuura akasema, akihema. "Nipige baadaye, Fanaue, sikimbii. Mwanangu, nisikilize. Babu yako alilificha neno la tano. Wewe umelificha la maji. Mjukuu wako ataficha la samaki, na mwanawe la ngalawa. Siku ndugu zetu wengine wakija kutoka baharini wakituita, tutakuwa hatuna neno hata moja la kuwatambulia. Tutawaua ufukweni, na hatutajua tumeua nani. Leo imebaki kidogo tu tufanye hivyo."

Chifu aliinuka, akateremka kutoka kwenye kiti, jambo ambalo chifu mwenye mkanda hafanyi ovyo, akamwendea Kura. Akajigusa kifuani. "Te Vai," akasema.

Kura alimtazama. Hakujua kwamba huyu kijana anamtajia jina lake. Alidhani anaulizwa anachotaka. Akaitikia kwa kichwa, kwa unyonge na matumaini, akanyoosha viganja viwili vilivyokunjwa kama bakuli.

"Vai," akasema.

Wako walioapa baadaye kwamba chifu alilia. Wengine walisema alicheka. Ahuura aliyekuwa karibu kuliko wote aliona vyote viwili. Te Vai alikifungua kibuyu chake mwenyewe kiunoni, kibuyu ambacho hakuna mdomo mwingine ulioruhusiwa kukigusa, akamimina kwenye viganja vile mpaka vikafurika.

"Piga mbiu kisiwa kizima, Fanaue," akasema bila kugeuka. "Jina langu nimebaki nalo, na maji yabaki na lake. Nilijiita hivyo ili niwe kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila kuwa nacho. Nani akaniambia kitu hicho kifungwe? Na tano iwe rima, anayetaka. Haya, kimbia!"

Fanaue alisimama kidogo, rungu limemning'inia. Kisha akapaza ile sauti yake nzuri, sauti ambayo hata Ahuura hakuwahi kuikana: "Vai! Wageni wa chifu wanataka vai!"

Watu wakalipuka. Walikimbilia mtoni kwa vibuyu, kwa vifuu, kwa majani ya magimbi yaliyokunjwa, kila mmoja akilipaza neno lile kama watoto walioruhusiwa kuoga mvuani. Walimwagiana. Walimwagia wageni. Tamaro alikuja na kibuyu kizima akammwagia mkewe kichwani.

"Hii ya nini?" Ahuura akafoka, nywele zimemlowa chapachapa.

"Gome limekauka," mumewe akasema.

Wageni walikaa mpaka misimu ikabadilika. Walitoka Kirimoana, kisiwa cha mbali upande wa macheo, na tufani ndiyo iliyowatupa. Tamaro na mafundi wake waliwatengenezea ngalawa, huku wakigombana kwa furaha juu ya jina la kila ubao na kila kamba, na mara nyingi wakagundua walikuwa wanagombania neno moja. Kura alikaa kibandani na Ahuura. Walipiga nyundo na kubadilishana maneno kutwa nzima, na walipokosana walikosana kwelikweli, maana yako maneno yaliyokuwa salama kwa upande mmoja na aibu tupu kwa upande wa pili. Siku Kura alipousifu upishi wa mama mkwe wa mtu kwa neno la kwao, ilibidi Ahuura amtoe nje kwanza kabla ya kumweleza, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikilia kuta.

Upepo wa kurudi ulipoanza, chifu alitaka mtu wa kwenda na wageni, akapeleke salamu za Motuhara kwa watu wa wimbo. Hakuuliza mara mbili.

"Bahari utaiweza, mama mdogo?"

"Iulize bahari kama itaniweza mimi."

Tamaro alinung'unika njia nzima. Alisema mgongo unamuuma, alisema samaki mbichi wanamchosha, alisema ngalawa aliyoitengeneza mwenyewe inayumba kwa sababu ya ubao mmoja aliolazimishwa na mafundi wa Kirimoana. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona wingu lililosimama bila kusogea, na chini yake kilele cha kijani.

Walipoukaribia mwamba, watu walikuwa wamejaa ufukweni. Walikuwa wamekwisha kuwalilia watu wao kama wafu, na sasa ngalawa ile inarudi, na ndani yake watu wasiowajua. Vijana walishika mikuki. Kura alisimama ili apaze sauti, lakini hakuwahi.

Ahuura alikuwa keshasimama mbele kabisa, mguu mmoja juu ya ukingo, maji ya mwamba yakimrukia kifuani. Akasema wao ni nani. Akasema wanatoka wapi, na babu yao nani, na babu wa babu. Akaziweka ka na nga zote, zile sauti ambazo ndimi za kwao zilizimeza, mahali pake, moja baada ya nyingine, na penye shaka akaweka mbili. Alipoona mzee mmoja ufukweni ameshusha mkuki akamgeukia jirani yake kinywa wazi, aliruka majini, yakamfika kiunoni, akaanza kutembea kuelekea nchi kavu akiwa bado anasema, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia anyamaze.